Kicheko, Kilio na Ukimya wa Mtoto Mchanga: Maswali ya Wazazi wa Kigoma

Je, mtoto huzaliwa na hisia zake, au hufundishwa na wanaomlea?

Huzaliwa nazo, lakini namna ya kuzionyesha hujifunza kwa watu wake. Kilio huja naye siku ya kwanza, na tabasamu la kuitikia uso wa mtu huanza akiwa na wiki sita hadi nane, awe amezaliwa Kasulu au Ulaya. Hata hivyo, malezi huanza kazi mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa vilio vya watoto wachanga wa Kifaransa vilielekea kupanda sauti na vya Wajerumani kushuka, sawasawa na mwendo wa lugha walizozisikia wakiwa bado tumboni.

Mwanangu ana miezi mitatu na ni mkimya. Hachekicheki kama watoto ninaowaona kwenye simu. Je, ana tatizo?

Huenda hana tatizo lolote. Watafiti waliwalinganisha akina mama wa mjini Münster, Ujerumani, na akina mama wakulima wa jamii ya Nso nchini Kamerun. Watoto walipokuwa na wiki sita, pande zote mbili walitabasamu karibu sawa. Walipofika wiki kumi na mbili, wale wa Ujerumani walitabasamu zaidi, kwa sababu mama zao walizoea kuwakalia uso kwa uso na kuwarudishia kila tabasamu. Mama wa Nso alithamini mtoto mtulivu, akamlea kwa kumshika, kumbeba na kumrusharusha.

Wazazi wengi wa Kigoma watajitambua hapo. Mtoto anayeshinda mgongoni mwa mama shambani, kisha akapokelewa na bibi au dada yake mkubwa, huzungumza na watu kwa mwili wake zaidi kuliko kwa uso, na si haki kumpima kwa kipimo cha watoto wa mbali. Pamoja na hayo, mtoto wa miezi mitatu ambaye hajawahi kumtabasamia mtu yeyote, au ambaye hafuatishi kwa macho uso wa anayemlea, anapaswa kuonwa kliniki bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Nikimbeba na kumnyonyesha kila anapolia, sitamdekeza?

Hapana, na ningependa kila mama aliyewahi kulaumiwa kwa jambo hili alisikie jibu hilo. Kilio huongezeka kwa kawaida hadi wiki ya sita hivi, kisha hupungua. Katika utafiti uliofanyika Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1986, watoto waliobebwa kwa muda mrefu zaidi kila siku walilia kwa asilimia 43 pungufu katika umri huo. Kitenge mgongoni ni malezi yenye maarifa.

Kwa nini mtoto wa jirani hulia akimwona mgeni, na wangu hutulia tu?

Woga wa wageni huanza kati ya miezi sita na tisa, lakini nguvu yake hutofautiana. Mtoto aliyezoea kupakatwa na wengi, akiwamo shangazi na majirani, mara nyingi huwapokea wageni kwa utulivu.

Je, ni sawa kumwambia mtoto wa kiume asilie?

Kumfundisha kujizuia mbele za watu ni sehemu ya malezi ya jamii nyingi. Kumtisha kwamba daktari atamchoma sindano akilia ni jambo jingine: humfanya afiche maumivu hata pale anapoulizwa na muuguzi anaumwa wapi.

Nitajuaje kama utulivu wake ni ugonjwa?

Tazama mabadiliko. Mtoto mtulivu kwa tabia hunyonya vizuri, hugeuka akisikia sauti yako na huchangamka akichezeshwa. Akilegea ghafla, akashindwa kunyonya, akawa mgumu kuamka, akatapika kila anachokula au akapata degedege, mpeleke zahanati au hospitali mara moja, usiku au mchana. Mkoa wetu una malaria nyingi, na mtoto mdogo huzidiwa haraka. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ongeza dalili hizi: joto kali au mwili kuwa wa baridi, kupumua kwa kasi, na kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi. Ukifika, mweleze muuguzi jinsi mtoto alivyo siku zote na alipoanza kubadilika, kwa kuwa wewe ndiye unayeijua hali yake ya kawaida.