Kukata herufi za pembeni kwenye stringi: jua unachokata

Kuna tatizo moja tunaletewa sana sisi wa mifumo, mtu anasema akaunti yake haifunguki na neno la siri analijua vizuri kabisa, ukichungulia ndani unakuta imeili imeandikwa sawa ila baada ya herufi ya mwisho kuna nafasi tupu, kibodi ya simu imeiweka yenyewe baada ya mtu kugusa neno lililopendekezwa. Kwa kompyuta "asha" na "asha " ni watu wawili. Ndo maana lugha nyingi za programu zina njia ya kusafisha ncha zote mbili: Python ni strip(), JavaScript na PHP ni trim(), na zote hazigusi nafasi zilizo katikati ya maneno.

Ila jamani, hizi funksheni, yaani strip() na trim(), hazibadilishi stringi yako (yale maandishi unayoyasafisha), zinakurudishia nyingine mpya. Ukiandika jina.strip() peke yake kwenye mstari umefanya kazi bure, andika jina = jina.strip().

Sasa hapa ndo wengi wanaumia. Kwenye Python ukiipa strip() herufi za kukata, yenyewe haizisomi kama neno, inazichukua kama fungu la herufi, na inaendelea kula mpaka ikutane na herufi isiyokuwemo kwenye fungu. Chukua "https://sheria" halafu uite lstrip("https://"), ambayo inakata upande wa kushoto tu. Unategemea upate "sheria" si ndio? Unapata "eria", kwa sababu s na h nazo zimo kwenye fungu kwahiyo zimeliwa. Na ubaya wake ni kwamba anwani nyingine zitatoka sawa tu, unajaribu mbili tatu unaridhika, kosa linakuja kuonekana data zimeshaharibika. Tumia removeprefix() na removesuffix(), zipo tangu Python 3.9 ya mwaka 2020, ya kwanza ni ya mwanzoni na ya pili ni ya mwishoni, hizo zinakata neno zima au hazigusi kitu.

PHP nayo trim() inakubali herufi za kukata kwa mtindo huohuo wa fungu.

Halafu kuna nafasi zisizo za kawaida. Ile nafasi isiyovunja mstari, U+00A0 (hiyo ni namba yake kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta), inakuja sana mtu akikopi maandishi kutoka kwenye ukurasa wa wavuti. Python na JavaScript zinaiondoa, trim() ya PHP inaiacha, na Java hata ile strip() iliyoletwa kwenye toleo la 11 inaiacha vilevile. U+200B, ambayo haina hata upana, zote nne zinaipita. Kwahiyo ukiona stringi mbili zinafanana machoni na bado zinakataa kulingana, pima urefu wake kwanza, au kwenye Python zichapishe kwa repr(), hapo \xa0 au \u200b itajitokeza yenyewe.

Neno la siri usilikate kabisa, nafasi ya mwisho inaweza kuwa mtu kaiweka makusudi.