Je, kutazama video nyingi hutufanya wastadi?

Wengi huamini kwamba ukitazama sana video za watu wanaochora, kushona au kupiga gitaa mitandaoni, ustadi utakuingia polepole. Imani hii haikuzuka hivi hivi: kumwona fundi akiwa kazini husaidia kweli kuelewa hatua. Ila mkono haujifunzi kwa macho peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu walitazama video ya kurusha vishale, wengine mara 1, wengine mara 20. Waliorudia walijiona wameiva zaidi, lakini walipopewa vishale hawakuwashinda wenzao.

Unaweza kujipima. Chagua video fupi ya kuchora kiganja, itazame hadi uone umeielewa, kisha weka simu kando uchore. Huenda ukakwama pale kidole gumba kinapoungana na kiganja, mahali ambapo macho yalipita bila shida yoyote. Sasa rudi kwenye video. Safari hii unajua unachotafuta, na kwangu mimi hapo ndipo mitandao inapofaa hasa.

Kuhusu muda, simu nyingi huonyesha kwenye mipangilio saa ulizotumia kwa kila programu. Zilinganishe na saa ulizoshika penseli.