"Gesi ya AC imeisha" maana yake nini hasa?

Peleka pickup yako kwa fundi AC, mwambie haipozi vizuri, utaona kabla hata ya kufungua boneti anakwambia "hiyo gesi imeisha bosi, tujaze". Na sisi tushazoea, tunaichukulia gesi ya AC kama dizeli vile, unatembea inapungua, ikiisha unajaza. Sasa hilo neno "imeisha" ndo linatupoteza wengi, maana gesi ya AC hailiwi na kitu chochote. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, hakuna inapochomwa. Ikipungua sana ujue imetoka, na kama imetoka basi kuna mahali imetokea.

Kwanza tuelewe inavyopoza. Unajua mtungi wa udongo unavyopoza maji, yale yanayopenya nje yanakauka na yakikauka yanaondoka na joto. AC ni mchezo huo huo, ila badala ya maji kuna gesi inayoitwa R134a ambayo ikiachwa wazi inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, yaani hata hewa ya friza kwake ni jiko. Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto, inapelekwa kwenye kondensa pale mbele ya rejeta, inapigwa upepo inapoa na kugeuka maji maji, afu inapitishwa kwenye kitundu chembamba inaingia kwenye koili iliyofichwa ndani ya dashibodi. Pale presha inashuka ghafla, gesi inachemka, inanyonya joto la kwenye kabini, feni inakupulizia ubaridi. Kisha inarudi kwa kompresa, mzunguko unaanza upya.

Kwa hiyo gesi ikipungua, koili haipati ya kutosha kuchemsha. Kuna swichi ya presha ambayo ikiona imeshuka sana inazima kompresa ili isijiue, presha ikipanda kidogo inawasha tena, ndo maana ukisimama mbele ya gari unasikia ta! ta! ta! kila sekunde chache. Hiyo ni dalili nzuri kabisa ya gesi kupungua.

Mimi Hilux yangu, dabo kabini, nilijaza gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Kila nikijaza, miezi miwili baridi mpaka unashusha kioo, wa tatu unabaki upepo wa feni tu. Fundi wa nne, mzee mmoja hana maneno mengi, hakugusa hata geji ya kupimia presha, aliomba tochi akapita nayo bomba kwa bomba, akafika kwenye kiungo karibu na kondensa akasema "njoo uone". Kulikuwa na doa jeusi, vumbi limegandamana na mafuta kama pembeni ya karai la chipsi. Akapaka povu la sabuni, tukatulia kama dakika mbili, kikatokea kipovu kimoja kidogoo, kikapasuka, kikaja kingine. Kumbe kwenye ile gesi kuna oili inayosafiri nayo kulainisha kompresa, kwa hiyo gesi inapovujia oili inaacha alama. Oringi yenyewe iliyokuwa imekufa, kale kampira ka duara kanakoziba kiungo, bei yake haifiki soda mbili. Hela niliyotupa kwenye gesi sitaki hata kuhesabu.

Baada ya kubadilisha oringi hakujaza hapo hapo, aliunganisha vakyumu pampu, ile ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba, nusu saa nzima. Hii mafundi wengi wanairuka na ni kosa kubwa, maana ukifungua mabomba hewa na unyevu vinaingia, na hewa haigeuki maji maji kwenye kondensa kama gesi inavyofanya, inakaa tu inapandisha presha na AC inakuwa dhaifu hata kama gesi ni mpya. Tena ukizima pampu ukaacha mshale wa geji ukapanda taratibu, ujue bado kuna liki au unyevu humo ndani. Kujaza kwenyewe ni kwa mzani, gramu zimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, sio kwa kushika bomba na kusema "imetosha hii". Ukizidisha nayo inapoza vibaya vile vile.

Ila sasa sio kila AC dhaifu ni gesi. Mimi naanza na kitu kimoja, weka mkono kwenye matundu ya dashibodi. Kama upepo ni wa baridi lakini mdogo, gesi haina kosa, fungua droo ya dashibodi angalia filta ya kabini, unaweza kukuta imejaa vumbi na majani hadi haionekani rangi. Pickup nyingi za zamani hazina filta kabisa, vumbi linaenda moja kwa moja kwenye koili. Kama upepo ni mwingi lakini si wa baridi, hapo ndo unaenda mbele kwenye mabomba.

Na kama inapoza ukiwa barabara kuu ila kwenye foleni inakuwa ya vuguvugu, angalia kondensa na feni kabla ya kitu kingine. Gari ikitembea upepo unajiingiza wenyewe, ikisimama feni ndo kila kitu. Pickup za shamba na site kondensa zinajaa tope na wadudu katikati ya vile vibati vyembamba, osha na maji ya mpira wa kawaida, ile mashine ya presha ya kuoshea magari inavilaza na ukishavilaza umeziba njia ya hewa mwenyewe.

Kuna pia wanaojaza gesi ya kupikia eti ni rahisi. Inapoza, sikatai. Lakini ile koili iko mbele ya magoti yako, ikivuja inavujia ndani mlimo, na kuna mtu ana sigara.

Halafu kwa watu wa Iringa na Makete ambao mwezi wa sita hadi wa nane hawagusi AC kabisa, iwasheni dakika kumi kila wiki hata kama mnatetemeka. Sili ya mbele ya kompresa, ule mpira unaozuia gesi isitoke, inalainishwa na ile oili inayozunguka, ikikaa miezi bila oili inakauka, na mwezi wa kumi unashuka Dar unaambiwa gesi imeisha.