Kipimo cha mifugo kikisoma chanya, kimesema nini hasa?

Matokeo ya kupima mifugo kwa homa ya bonde yakitoka huko Arizona au California, haichukui muda utasikia: "Ng'ombe kadhaa wamekutwa na ugonjwa." Walichokutwa nacho mara nyingi ni kumbukumbu ndani ya damu kwamba kuvu inayoleta ugonjwa huo ilishawahi kuingia mwilini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunawatia wafugaji hofu isiyo na sababu.

Homa ya bonde, kwa jina la kitabibu koksidioidomikosi, inaletwa na kuvu za jenasi ya Coccidioides, zinazoishi kwenye udongo wa maeneo makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani, Meksiko na sehemu za Amerika ya Kati na Kusini. Bonde lenyewe ni la San Joaquin, California. Tusilichanganye na Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ni ya virusi na huenezwa na mbu. Mnyama huvuta vumbi lenye vijimbegu vya kuvu, navyo hukulia mapafuni. Kwa kawaida hamwambukizi mwenzake zizini.

Ng'ombe ndiye anayeonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko wote. Tangu 1918 imeandikwa kuhusu vinundu vya kuvu hii kwa ng'ombe, na kwa kawaida hubaki kwenye tezi za limfu za kifuani. Ng'ombe anakula, ananenepa, hakohoi. Vinundu huonekana siku ya kuchinjwa, na kwa kuwa vinafanana na vya kifua kikuu, mkaguzi wa nyama hulazimika kupeleka sampuli maabara. Ng'ombe huyo angepimwa akiwa hai angeweza kusoma chanya bila kuugua hata siku moja. Lama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia kutoka Amerika ya Kusini, ni habari nyingine: kwao kuvu inaweza kusambaa mwilini na kuua. Farasi naye anaweza kukonda, kukohoa au kuharibu mimba. Kwa hiyo jibu moja la "chanya" lina uzito tofauti kwa kila aina ya mnyama, na taarifa isiyosema ni mnyama gani haijasema kitu.

Halafu kuna suala la aina ya kipimo, ambalo wengi hulipita haraka mno. Katika kipimo cha ngozi, dondoo la kuvu huchomwa kwa sindano ndani ya ngozi, kisha uvimbe husomwa baada ya siku moja au mbili. Kinauliza kama kinga ya mwili inaikumbuka kuvu, na kumbukumbu hiyo hudumu muda mrefu. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kuvu: za aina ya IgM hutangulia, za IgG hufuata, na zote zinaweza kushuka mwili ukishaidhibiti kuvu. Ndiyo maana mnyama aliyekutana na kuvu zamani anaweza kusoma hasi kwenye damu na chanya kwenye ngozi. Kinyume chake pia hutokea: mnyama aliyezidiwa kabisa anaweza asitoe uvimbe wowote, kwa sababu kinga yake imechoka. Tena, kuvu nyingine kama Histoplasma zinaweza kukidanganya kipimo.

Daktari wa mifugo anayetaka kujua kama mnyama anaumwa haishii kwenye chanya na hasi. Huangalia kiwango cha kingamwili na kama kinapanda vipimo vikirudiwa, hupiga picha ya mapafu, hupima uzito, na akiweza hutafuta kuvu yenyewe kwenye kipande cha nyama ya mwili kilichotolewa kwa uchunguzi.

Kipimo cha kundi zima kina kazi yake nzuri, na kazi hiyo inahusu ardhi. Ng'ombe waliozaliwa na kukulia shamba moja wakisoma chanya kwa wingi, wametuambia kuvu iko kwenye vumbi la hapo, vumbi lile lile wanalolivuta watu na mbwa wa shamba. Mnyama aliyenunuliwa kutoka mbali hawezi kutoa ushahidi huo, maana huenda aliipata kule alikotoka.

Basi tuseme "asilimia fulani ya ng'ombe wameshakutana na kuvu," na neno "wagonjwa" tuliweke akiba kwa wale ambao daktari amewachunguza na kuukuta ugonjwa.