Bei ya haki kwa kazi za mikono za kushona: maana yake na jinsi inavyopatikana

Bei ya haki ni bei isiyompunja mtu. Mnunuzi anapata kitu kinacholingana na fedha aliyotoa, na mshonaji analipwa vyote alivyovitia humo: vitambaa, muda na vyombo vyake. Kumpunja mnunuzi kila mtu anajua ni kosa. Kisichosemwa sana ni kujipunja, na kwa wanaoshona vipochi, mifuko, foronya, wanasesere na vitambaa vya kutarizi, huko ndiko kuliko na hasara kubwa.

Naamini tatizo linaanzia kwenye neno moja, faida. Mshonaji ananunua kitambaa, uzi na zipu, anashona mkoba, anauuza, anatoa fedha ya vifaa, kisha kile kinachobaki anakiita faida. Sicho. Sehemu kubwa ya kilichobaki, pengine chote, ni ujira wake. Fundi aliyeajiriwa kwenye karakana hudai ujira wake hata mwezi ambao mwenye karakana hakupata kitu. Unapofanya kazi yako mwenyewe, wewe ni watu wawili: fundi anayedai ujira, na mwenye kazi anayetazamia faida. Bei ya haki inawalipa wote wawili.

Kwa hiyo bei ina mafungu manne: vifaa, ujira, gharama za uendeshaji na faida.

Vifaa vinaonekana rahisi kuhesabu, lakini hesabu ya kichwani hudanganya. Chukua kipochi kidogo cha zipu. Nje kinataka vipande viwili, kila kimoja sentimita 25 kwa 20, na kitambaa chako kina maua ambayo lazima yote yatazame juu. Una mita moja yenye upana wa sentimita 110. Ukigawa eneo kwa kikokotoo utaambiwa kitambaa kinatoa vipande 22, yaani vipochi 11. Kitandaze mezani ukate. Kwa upana vinaingia vipande vinne, kwa urefu vitano, na huwezi kulaza kipande ubavu kwa sababu maua yatalala pia. Umepata vipande 20, vipochi 10, na ukanda wa sentimita 10 umebaki pembeni. Basi gharama ya mita ile igawe kwa 10. Ule ukanda umeununua, hata kama kesho utautumia kwa vishikio. Bitana nayo ifanyie hivyo hivyo. Na kama kitambaa ni cha pamba, kifue kwanza, kwa sababu pamba hunywea, na mita uliyolipia huenda isiwe mita utakayokata.

Muda ndio unaoumiza zaidi. Kwa miaka mingi nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba kipochi cha namna hii ni kazi ya nusu saa. Siku moja niliwasha saa ya simu nikaandika kila hatua. Kupima na kukata dakika 12. Kubandika kitambaa kigumu cha ndani kwa pasi, 5. Kutia zipu, 14. Kuunganisha pande zote, 10. Kukigeuza na kufunga tundu la bitana kwa sindano ya mkono, 9. Kupiga pasi na kukata nyuzi zinazoning'inia, 8. Kupiga picha, kumjibu mteja na kufungasha, 12. Jumla ni dakika 70. Ile nusu saa niliyokuwa nikiitaja ilikuwa muda wa cherehani tu, kuanzia zipu hadi kuunganisha, tena kwa kuuongeza kidogo. Saa zile nyingine nilikuwa nikizitoa bure, na sikujua.

Kazi ya kurudiarudia huenda kwa kasi zaidi, na hilo ni haki kulihesabu. Ukikata vipochi kumi kwa mkupuo, ukatia zipu kumi mfululizo bila kubadilisha uzi, kila kimoja kitachukua muda mfupi kuliko kilichoshonwa peke yake. Pima muda wa mkupuo mzima, kisha gawa. Kitu kinachoagizwa kimoja, chenye jina la mtu lililotariziwa, kihesabu peke yake.

Hapa mnunuzi naye ana haki yake. Zipu uliyoifumua mara mbili kwa sababu ulikuwa bado unajifunza, usimtoze. Muda wa haki ni ule ambao fundi anayeijua kazi hiyo angeutumia. Na kiwango cha ujira kwa saa kianzie pale ambapo mwingine angekulipa ukimshonea kazi yenye ugumu uleule. Chini ya hapo, ni afadhali uende ukashone kwake.

Gharama za uendeshaji ni vitu vidogo visivyoonekana kwenye mkoba mmoja: umeme, mafuta ya cherehani, kunoa mkasi, ada za kupokea malipo, mifuko ya kufungashia, na sindano, ambazo hushauriwa zibadilishwe baada ya takriban saa 8 za kushona. Jumlisha ya mwezi mzima, gawa kwa idadi ya vitu unavyotoa. Weka humo na fungu la uchakavu wa mashine, maana ipo siku itahitaji mota mpya.

Faida inakuja mwisho, juu ya hayo yote. Ndiyo inayonunua robota la kitambaa kwa bei ya jumla, na ndiyo inayokushika mwezi usio na oda. Lakini asilimia zake zina mtego. Tuseme vifaa, ujira na uendeshaji vimefika 100, fedha iwe yoyote. Unaongeza asilimia 20, bei inakuwa 120. Anakuja mteja anaomba punguzo la asilimia 20, nawe unaona mmetoka sare. Hamjatoka sare. Asilimia 20 ya 120 ni 24, kwa hiyo unapokea 96. Nne zilizopungua zimetoka mfukoni mwa nani? Muuza vitambaa alishalipwa, na umeme ulishalipwa. Zimetoka kwenye ujira wako.

Ukitarajia kuuza kupitia duka, jua mapema kwamba 120 ni bei yako ya jumla. Maduka mengi huizidisha mara mbili ili kupata bei ya rejareja. Ukiwa umezoea kumuuzia kila mtu kwa 120, duka halitakuwa na nafasi ya kuongeza kitu, na ukiendelea kuuza kwa 120 huku duka likiuza kwa 240, mwenye duka hatarudi. Tena unapouza mwenyewe, zile saa za kusimama mezani na kujibu ujumbe ni kazi ya muuzaji, nayo inalipwa.

Bidhaa za kiwandani zisikutishe katika hesabu hii. Kule kitambaa hununuliwa kwa marobota, mashine hukata tabaka nyingi kwa mara moja, na mtu mmoja hutia zipu tu kutwa nzima. Huuzi kitu kilekile, na mnunuzi anayetaka kile cha kiwandani hajakosea, anatafuta kitu kingine.

Yapo matokeo machungu. Unaweza kufanya hesabu yote kwa uaminifu ukapata bei ambayo wanunuzi wako hawataitoa. Blanketi la viraka lililoshonwa kwa mkono huchukua saa nyingi mno, na wengi wanaolishona huishia kumpa mtu wanayempenda. Inapotokea hivyo, usiguse ujira, gusa kazi. Toa mfuko wa ndani, badili zipu iwe kifungo, punguza tarizi ibaki pembe moja, kisha pima muda upya. Na mteja akikuomba umpunguzie, mwonyeshe kipochi kisicho na bitana, mtajie bei yake, umwache achague.