Galaksi zinavyojipanga kuzunguka utupu

Mwaka 1981 mwanaastronomia Robert Kirshner na wenzake watatu walitangaza kwamba upande wa kundinyota la Bakari, linaloitwa Boötes na wanaastronomia wa Magharibi, kuna eneo la upana wa takriban miakanuru milioni 300 ambamo hawakuona galaksi walizozitarajia. Eneo hilo likaitwa utupu, na tangu hapo wengi hudhani kwamba ni shimo lenye ukingo mkali. Baadaye makumi ya galaksi yalipatikana humo.

Kwa kuwa galaksi za ndani ni chache mno, utupu mmoja peke yake hautufundishi mengi. Kwa hiyo sisi tunaochora ramani hizi huchukua mamia ya tupu, tukapima umbali wa kila galaksi kutoka katikati kwa kuulinganisha na nusukipenyo cha utupu wenyewe, kisha tukazihesabu zote pamoja. Katikati msongamano wa galaksi huwa sehemu ndogo tu ya wastani wa ulimwengu. Huongezeka polepole, hupanda ghafla ukingoni, na mara nyingi huupita wastani kabla ya kuurudia nje. Mwinuko huo wa ukingoni, unaoonekana kama mlima kwenye grafu na ambao kwangu ndio kiini cha jambo lote, huwa mrefu zaidi kwenye tupu ndogo, kwa sababu nyingi zimezingirwa na maeneo yenye maada nyingi.

Galaksi za ndani kwa kawaida ni ndogo, za buluu, zenye gesi tele na zinazoendelea kuzaa nyota.

Chanzo cha mpangilio huu wote ni mvutano. Mahali palipokuwa na upungufu kidogo wa maada tangu mwanzo hutanuka haraka kuliko pengine, na maada yake hutiririka nje ikarundikana kwenye kuta. Mwendo huo pia huvuruga vipimo vyetu, kwani umbali tunaukadiria kwa jinsi mwanga ulivyosogea kuelekea wekundu, na mwendo wa galaksi nao huusogeza mwanga huo.

Hata sisi tuko ukingoni. Wanaastronomia Brent Tully na Rick Fisher walionyesha mwaka 1987 kwamba Njia Nyeupe, galaksi yetu, imepakana na utupu mkubwa. Tunauacha kwa kasi ya takriban kilomita 260 kwa sekunde. Utupu hausukumi chochote. Ni kwamba upande ule hakuna maada ya kutosha kutuvuta, ilhali upande wa pili ipo.