Je, wajua kwa nini wakili wa rufaa haiti shahidi?

Ukiingia Mahakama ya Rufaa jijini Kampala ukitarajia kumwona shahidi akila kiapo na kubanwa kwa maswali, utatoka umeshangaa. Majaji watatu wamekaa mbele, kila mmoja na bunda nene la karatasi, na mawakili wanatajiana kurasa na mistari. Mrufani aliyesafiri usiku kucha kutoka Arua anajiuliza: mbona hakuna anayeniuliza kilichotokea?

Ni kwa sababu kilichotokea kimeshaulizwa. Mahakama ya kwanza ndiyo iliyosikiliza mashahidi. Rufaa inauliza kama mahakama hiyo ilikosea, na ilikosea wapi. Kwa hiyo chombo cha kazi cha wakili wa rufaa ni rekodi ya rufaa: ushahidi wote ulioandikwa, vielelezo na hukumu. Lisiloandikwa humo, kwake ni kama halikusemwa. Kanuni zinaruhusu ushahidi wa ziada katika rufaa ya kwanza, lakini lazima pawe na sababu ya kutosha, na majaji hawaikubali kirahisi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tutege sikio hapa. Rekodi za mahakama Uganda huandikwa kwa Kiingereza. Shahidi akieleza kwa Kiswahili, Kiganda au Kilugbara, mkalimani hugeuza na jaji huandika. Sasa tuseme shahidi amesema: "Nilimwona akitoka saa mbili usiku." Ni maneno matano tu. Kiswahili hakijasema aliyetoka ni mwanamume au mwanamke, ila Kiingereza kinamlazimisha mkalimani achague. Halafu saa. Saa mbili usiku kwetu watu wanakula, maduka yana taa, njia haijakauka watu. Mkalimani akipitiwa akaitaja "mbili" hiyo kama ilivyo, Kiingereza kitasoma saa nane usiku, watu wamelala na giza limetanda.

Si jambo dogo. Tangu rufaa ya Abdalla Nabulere ya mwaka 1978, mahakama za Uganda hupima kama shahidi alimtambua mtuhumiwa kweli kwa kuangalia mwanga uliokuwapo, umbali, muda ambao shahidi alimtazama mtuhumiwa, na kama alikuwa akimfahamu tangu zamani. Saa sita za tofauti zinaweza kumfunga mtu au kumwachia. Ndiyo maana wakili makini haridhiki na nakala iliyopigwa chapa. Huomba kuona maandishi ya mkono ya jaji, akayalinganisha neno kwa neno, kisha akamuuliza mteja wake: shahidi alisema nini hasa, na kwa lugha gani? Kwa maoni yangu, huo ndio ufundi mkubwa wa kazi hii, kuliko ufasaha wa kusimama na kunena.

Je, majaji wanaweza kuutilia shaka ushahidi wasiousikia kwa masikio yao? Wanaweza, tena ni wajibu wao. Katika rufaa ya jinai namba 10 ya mwaka 1997, Kifamunte Henry dhidi ya Uganda, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza inapaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, bila kusahau kwamba haikuwaona mashahidi. Rufaa ya pili kwa kawaida hubaki kwenye hoja za sheria.

Mwendo wenyewe ni wa haraka mwanzoni. Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya uamuzi. Katika kesi ya madai, rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa; na ukiomba nakala ya mwenendo wa kesi kwa barua ndani ya siku 30, ukampa nakala ya barua hiyo mpinzani wako, muda wa kuiandaa hauhesabiwi. Barua hiyo fupi imeokoa rufaa nyingi. Kisha huja hati ya rufaa, ambayo kanuni inataka iwe na sababu zilizotenganishwa moja moja, bila mabishano wala hadithi. Mteja aliyedhulumiwa shamba anataka machungu yake yote yaingie humo. Wakili lazima amweleze kwa upole kwa nini hayaingii.

Hakuna leseni ya pekee ya wakili wa rufaa Uganda. Mtu husoma shahada ya sheria, kisha diploma ya uwakili katika LDC (Law Development Centre), kituo cha mafunzo ya sheria kwa vitendo, akaandikishwa kuwa wakili. Wengi huijua rufaa kwa kupewa majalada ya wafungwa ambao serikali huwalipia wakili, haki iliyomo katika kifungu cha 28 cha Katiba kwa makosa yenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Hapo wakili hupokea rekodi ya kesi ambayo pengine hakuiendesha, akaenda nayo gereza la Luzira kumtafuta mfungwa mwenyewe.

Na adhabu ikiwa ni kifo, kifungu cha 22 kinataka hatia na adhabu vithibitishwe na mahakama ya juu kabisa. Maneno matano ya yule shahidi yaliandikwa na jaji mmoja, yakasomwa na watatu wa rufaa, kisha na wasiopungua watano wa Mahakama ya Juu. Ni majaji wasiopungua tisa, na ni mmoja tu kati yao aliyemwona shahidi huyo uso.